Filamu Iliyoitwa Mawaidha

Garissa,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwako Sabrin, walaal, ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Natumaini Idd ilikuwa njema huko Buna na kwamba baba yako, Mzee Abdub, ni mzima. Sisi hapa ni wazima. Joto ni lilelile. Nilikupigia mara tatu kabla ya kukumbuka kwamba mnara wenu wa simu bado umekufa, kwa hiyo nimeshika kalamu. Kusema kweli sikusikitika. Unajua mimi kwenye simu husema "eeh" na "sawa" tu, halafu nikishakata ndipo maneno yanapokuja.

Ndani ya pakiti ya hina kuna memori kadi. Usiitupe pamoja na karatasi. Ni ile filamu niliyokuahidi, yenye hadithi nne za kutisha kutoka nchi nne za Asia: Thailand, Korea, Japani na Indonesia. Alinijazia Hamdi, yule mama mwenye duka la vifuniko vya simu karibu na Soko Mugdi. Utaona faili nne zimeandikwa "Mawaidha 1" mpaka "Mawaidha 4". Usicheke. Nilizibadilisha majina mimi, kwa sababu kaka yangu Yakub huchukua simu yangu bila kuomba, na akiona picha ya jini atamwambia Hooyo, mama yetu, kwamba nimepotea. Mawaidha huyaruka.

Sasa maoni yangu. Nimeona tatu za kwanza. Ya nne nimeiacha, tuione wewe huko na mimi huku, halafu kila mmoja aandike kabla ya kusikia ya mwenzake.

Ya kwanza ni ya mwanamke kwenye lifti ya jengo refu huko Thailand. Ukipanda peke yako, lifti inasimama kwenye ghorofa ambayo haipo. Inatisha, lakini nadhani mtengenezaji anategemea mno kelele za ghafla. Kushtuka si kuogopa. Hata mbuzi akikurukia sokoni utashtuka. Ya pili, ya Korea, ni ya msichana aliyekuwa wa kwanza darasani akafa, na kila anayeshika nafasi ya kwanza baada yake lazima akalie kiti chake. Nilikumbuka chumba chetu cha prep, pale wasichana wote tulipojisomea usiku, nikaisimamisha mara mbili. Ya tatu ni ya mzee wa Japani anayepigiwa simu na marehemu mkewe, akimkumbusha kuanua nguo mvua ikikaribia. Hakuna damu hata tone. Nililia, halafu nikaona haya, ingawa nilikuwa peke yangu.

Ninachopenda kwenye filamu za namna hii ni kwamba hadithi moja ikiwa mbovu, hungoji sana, nyingine iko mlangoni. Na mizuka yao haipigwi risasi kama kwenye filamu za Wamarekani. Mtu huiuliza, "Unataka nini?" Mara nyingi inataka kusikilizwa tu.

Kuhusu chuo: nimeelewa kwamba chuo cha uuguzi hakina vitanda vya wanafunzi wapya, na kwamba baba yako hatakuruhusu kuja mpaka awe na nyumba anayoiamini hapa Garissa. Usiwe na wasiwasi. Utakaa kwetu. Hooyo anapenda wageni. Tarehe tano Mei utaingia darasani, inshallah.

Wako,
Idman


Buna,
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Idman wewe,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya.

Kadi yako imefika, lakini haikufika kwangu. Mustafe, dereva wa lori la mifugo, alimkabidhi Aba kifurushi mkononi. Aba akafungua akidhani ni jibu la nyumba kutoka kwenu. Hina akanipa. Barua akanipa bila kuisoma, maana Aba hasomi barua ya mtu. Kadi akaenda nayo kwa Mamo, mwenye duka la kuchajia simu, wakaitia kwenye simu ya Mamo. Wakaona: Mawaidha 1, Mawaidha 2, Mawaidha 3, Mawaidha 4. Wallahi, Idman, alifurahi! Aliniambia, "Hii ndiyo nyumba. Wengine wangetuma maneno. Hawa wametuma mawaidha."

Baada ya Alasiri akawaita wazee. Mamo akaunganisha simu na ile televisheni anayoonyeshea mpira. Wazee wanane wakakaa kwenye mikeka na tasbihi zao. Mimi niko nyumbani nasoma barua yako, nimefika pale uliposema "usicheke", nikasikia ukelele. Nilikimbia bila viatu.

Yule mwanamke wa lifti alikuwa amejaa kwenye skrini, nywele mpaka magotini. Aba alikuwa amesimama.

"Abdub," mzee mmoja akamwuliza kwa upole, "huyu sheikh wako mbona hajafunika kichwa?"

"Mwache," akasema mwingine. "Labda ndiyo anaanza dua."

"Mamo, zima!" Aba akasema.

"Nizimeje, Mzee? Mtoto wa watu amebaki ndani ya lifti!"

Walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Halafu wakaniona mlangoni. "Sabrin! Wewe umesoma. Hayo maandishi ya chini yanasemaje?" Unajua kwetu: ukimaliza kidato cha nne, wewe ndiye msomaji wa kila mtu. Barua ya chifu ni wewe, karatasi ya dawa ya mbuzi ni wewe. Ningemkatalia mzee vipi? Nikakaa mbele, nikasoma Kiingereza, nikakigeuza Kiborana, maneno ya jini, na Aba amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Ingia, kuna nafasi ya mmoja." Mzee mmoja akanikemea, "Paza sauti! Jini gani huyu ana haya?"

Hadithi ya kwanza ilipokwisha, Aba alichomoa kadi akaondoka. Tangu siku hiyo anaitwa Sheikh Lifti. Hata watoto wa madrasa wanamwita hivyo akishapita. Na unajua jina likishamshika mtu huku kwetu, huzikwa nalo.

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Sinema si neno. Nimeona sinema Isiolo nikiwa kijana. Lakini nyumba inayoandika mawaidha juu ya kitu kama kile, itaandika nini juu yako?" Halafu akasema siendi Garissa.

Idman, nisaidie. Mwandikie Aba. Mwambie ni yule Hamdi wa duka aliyekosea majina. Ni neno dogo tu, halimwumizi mtu, maana Hamdi hamjui Aba na Aba hamjui Hamdi. Zimebaki wiki tatu na siku chache, na sina nyumba nyingine huko. Nafasi hii nikiipoteza nitakuwa msomaji wa karatasi za mbuzi maisha yangu yote.

Sabrin

Na kuhusu ile ya lifti umekosea. Wazee hawa hawajawahi kuona lifti, na kelele waliichekea. Lakini mlango ulipokuwa ukijifunga polepole, kimya, hakuna aliyepumua.


Garissa,
Jumanne, 15 Aprili 2025

Sabrin,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kama ulivyosema, lakini nilikuwa nimechelewa.

Mwombe baba yako radhi kwa niaba yangu kwa lile jina. Silali vizuri nikifikiria watoto wa madrasa.

Ile barua uliyoitaka iko ndani ya bahasha ya kaki. Nimeiandika mara nne. Tatu za kwanza nilizichana. Sipendi ninavyoandika vizuri nikiwa nasema uongo. Maneno hayanikwami hata kidogo. Lakini nikifikiria kwamba utakosa chuo kwa sababu nilimwogopa Yakub, naona afadhali hivi.

Ya nne bado sijaiona.

Idman


Garissa,
15 Aprili 2025

Kwa Mzee Abdub,

Asalaam aleikum, Adeer. Naomba uniruhusu kukuita hivyo, kama ninavyowaita ndugu za marehemu baba yangu. Nimesikia yaliyotokea na nimeona aibu sana. Kadi ile ilijazwa dukani kwa Hamdi, na majina ya faili yalichanganywa hukohuko dukani. Kosa langu ni kwamba sikuikagua kabla ya kuituma. Sisi ni watu wa swala, na Hooyo anamkaribisha Sabrin kwa moyo wote. Tafadhali usimnyime chuo kwa kosa la duka.

Mtoto wako,
Idman


Buna,
Jumapili, 20 Aprili 2025

Idman, malaika wangu,

Imekubali! Aba aliisoma mwenyewe, midomo ikicheza, mara mbili. Halafu akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Alipomrudishia Mamo kadi alisema, mbele ya kila mtu, "Kosa ni la duka. Msichana ni safi." Sijui kama unaelewa uzito wake. Aba husifu ngamia tu, na si ngamia wote.

Kwa hiyo tumeona zilizobaki, moja kila siku baada ya Alasiri, mimi nikiwa sauti ya watu wote. Ya Korea hawakuipenda. Walisema mtoto wa kwanza darasani anastahili zawadi, si kufuatwa na maiti. Ya Japani waliitazama mpaka mwisho, ila Aba alitoka kabla haijaisha, akasema anakwenda kuangalia maji ya mbuzi.

Lakini ya nne, Idman! Hii ya Indonesia ni Waislamu kama sisi. Mtu anazikwa, na mchimba kaburi anasahau kufungua vifundo vya sanda, vinavyofunguliwa maiti akishalazwa kaburini. Anakumbuka akiwa njiani kurudi. Anaona haya kuwaambia watu, ananyamaza. Basi yule marehemu anakuja kila siku kusimama mlangoni kwake, amefungwa kichwani na miguuni, hasemi kitu. Hakuna aliyecheka. Ilipokwisha walibishana mpaka Magharibi. Mmoja akasema vifundo vikisahauliwa maiti hadhuriki. Aba akajibu, "Maiti hadhuriki. Aliyedhurika ni yule aliyenyamaza."

Mimi nasema hiyo ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu mzuka wake hana kosa lolote. Wewe je?

Sasa mambo mawili. La kwanza, Aba amemwagiza Mustafe akifika Garissa na mbuzi aende kwa Hamdi amkemee kwa kuchezea jina la dini. Nilijaribu kumzuia, akaniuliza kwa nini namtetea mtu nisiyemjua. La pili ni dogo: anataka barua ya mama yako mwenyewe, hata kama ataisema wewe ukaiandika, mradi aweke kidole chake chini. Bila hiyo sipandi lori. Itume upesi, najua kwenu si kazi.

Wako,
Sabrin


Garissa,
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Sabrin,

Soma hii ukiwa peke yako.

Mustafe alikwenda kwa Hamdi jana. Najua kwa sababu nilikuwa pale. Nilikuwa nampelekea jirani wa Hamdi maziwa ya ngamia ambayo Hooyo hupokea kutoka kwa wafugaji wa Bura. Duka lilikuwa limejaa, na Mustafe hana sauti ndogo. "Wewe ndiye unayewauzia watu mashetani kwa jina la mawaidha?"

"Mimi?" Hamdi akasema. "Ndugu yangu, mimi hata herufi sigusi. Najaza, narudisha."

Mama mmoja akamwambia amrudishie kadi yake palepale, akamshika mtoto mkono akatoka. Wa pili akamfuata. Hamdi alitafuta mtu wa kumtetea, akaniona. "Idman! Si ni kadi yako ile? Mwambie huyu mtu nilikupa ikiwa na majina gani."

Nilikuwa na jerikeni la maziwa mkononi. Nilisema, "Sijui."

Sabrin, nilisema sijui. Akanitazama mpaka nikaondoka.

Jana hiyohiyo niliiona ya nne. Uliuliza maoni yangu. Kuna mahali mchimba kaburi anasimama njiani, anageuka kutazama makaburi, halafu anaendelea kwenda nyumbani. Mtengenezaji hakuweka muziki hapo, ni nyayo zake tu. Sikuweza kuendelea, nikaizima. Kwa hiyo siwezi kusema kama ni bora kuliko zote, maana sijaimaliza.

Na kuna jambo jingine, baya kuliko la Hamdi. Sijawahi kumwomba Hooyo. Nilikuandikia kwamba anapenda wageni, na ni kweli, lakini hakujua kwamba unakuja. Kila asubuhi nilisema nitamwambia leo, na kila nilipofungua mdomo niliuliza kitu kingine, sukari iko wapi, au Yakub amekwenda wapi. Nikajiambia kwamba ukishafika mlangoni na begi lako itakuwa rahisi. Nimekuandikia ahadi ambayo haikuwa yangu. Nisamehe.

Leo asubuhi nimemwambia yote. Alikuwa anachuja maziwa. Hakuuliza kuhusu majini hata kidogo. Aliuliza, "Huyo baba amekaa siku ngapi akiamini kwamba nimemkubali mtoto wake?"

Nikasema zaidi ya wiki mbili.

"Maskini," akasema. Akamaliza kuchuja lile jerikeni, akalifunga. "Kwa hiyo mtoto wa watu yuko karibu kupanda gari, na mimi ndiye wa mwisho kujua. Sijasema ndiyo, Idman, na sijasema hapana. Nenda kwa Hamdi kwanza."

Nilikwenda. Nilitaka nimwambie pembeni. Hamdi akasema, "Hapana, mwanangu. Mimi sikukemewa pembeni." Kulikuwa na wateja wanne. Nikasema majina niliyabadilisha mimi, yeye hakujua. Mmoja akasema hakusikia, nikarudia. Hamdi akaniambia, "Ungesema jana ningecheka. Leo nitakasirika kidogo." Nadhani hiyo ni haki yake.

Barua ya baba yako iko ndani. Ajisomee mwenyewe. Sikukutaja.

Idman


Garissa,
24 Aprili 2025

Kwa Adeer Abdub,

Asalaam aleikum. Barua niliyokuandikia tarehe kumi na tano ilikuwa ya uongo.

Majina ya zile faili niliyabadilisha mimi kwa mkono wangu, ili kaka yangu asijue kwamba naangalia filamu za kutisha. Hamdi hana kosa. Alikemewa mbele ya wateja kwa ajili yangu, nami nilikuwa pale nikanyamaza. Leo nimemwambia ukweli mbele ya wateja wengine, lakini wale waliotoka jana siwajui, kwa hiyo sijui nitawapata wapi.

Tena niliandika kwamba Hooyo anamkaribisha Sabrin. Nilikuwa sijamwambia. Si kwamba angekataa. Ni kwamba mimi huona vigumu kuomba kitu kwa mdomo, hata kwa mama yangu. Sasa anajua. Hajasema ndiyo wala hapana, na siwezi kukutumia barua yake kwa sababu hajaniambia niandike nini.

Kuhusu filamu yenyewe, siioni kuwa ni dhambi, ila labda nimekosea. Kuipa jina la mawaidha ndiko kulikokuwa kubaya. Ulilisema hilo tangu siku ya kwanza.

Naomba radhi kwa jina wanalokuita.

Idman Shuaib


Buna,
Jumanne, 29 Aprili 2025

Kwa Idman,

Wa aleikum salaam. Kiswahili changu ni cha barabarani, nilijifunza nikiendesha lori la serikali, utanivumilia.

Barua yako nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilikuwa bado nimekasirika, lakini niliona kitu. Hukuniomba nimruhusu Sabrin. Umesema ukweli, ukanyamaza. Mtu akitaka kununua kitu kwa ukweli wake, mimi namjua. Nimeuza mifugo miaka mingi.

Nimemwambia Mustafe arudi kwa Hamdi, palepale dukani, amwombe radhi kwa sauti ileile. Hajafurahi. Amesema kwa nini nisiende mimi. Nimemwambia nitakwenda pia.

Nashukuru Mungu kwamba binti yangu hakuwa na sehemu katika jambo hili.

Sitaki tena barua ya mama yako. Karatasi zimetosha. Nakuja na Sabrin mwenyewe, tutafika Jumamosi. Mwambie mama yako nakuja kumwomba, sikuja kumlazimisha. Nataka kumsikia. Akisema hapana, hakuna ubaya, tutalala kwa ndugu ya Mustafe na Jumapili tutarudi. Na wewe nina swali moja kwako, utalijibu kwa mdomo.

Mnapenda kuandikiana maoni, basi nami nina moja. Ile ya tatu, ya mzee wa Japani. Mke wangu, mama yake Sabrin, amefariki miaka sita sasa. Naona ile ni ya kweli yote, isipokuwa simu.

Abdub Galgalo


Garissa,
Jumatano, 7 Mei 2025

Kwa Aba,

Asalaam aleikum. Natumaini mlifika salama na kwamba mbuzi waliobaki hawakumsumbua Mustafe njiani.

Jumatatu niliandikishwa chuoni. Tuko arobaini na wawili, na mimi ndiye pekee kutoka Buna. Mwalimu alipouliza ni wapi, nilimchorea ubaoni. Sare ni nyeupe, na vumbi la hapa utafikiri linaijua. Hooyo Zeinab, mamake Idman, ananiamsha Alfajiri kabla ya binti yake, anasema mgeni hapaswi kuchelewa. Kisha ananiwekea kikombe cha maziwa na kusimama hapo mpaka nimalize, kwa sababu ulimwambia nakula kidogo. Ulipomwambia hivyo, naye akakujibu, "Kwangu atakula," ndipo nilipojua kwamba mmeshakubaliana, kabla yeyote hajasema ndiyo.

Idman bado anazungumza kuhusu swali lako. Anasema watu wengi wamemwuliza kwa nini anaogopa. Wewe ndiye wa kwanza kumwuliza anaogopa nini, ukakaa ukangoja mpaka akajibu. Aliponijibu swali hilohilo jikoni jana, alichukua muda mfupi zaidi.

Tulikwenda pamoja dukani kwa Hamdi. Yule mama wa kwanza aliyetoka na mtoto amerudi. Wa pili hajarudi.

Sasa Aba, nina neno, na nimelibeba tangu nyumbani.

Ulimwandikia Idman kwamba unashukuru sikuwa na sehemu katika jambo lile. Nilikuwa nayo. Wazo la kumsingizia Hamdi lilikuwa langu. Nililiandika kwa mkono wangu na kumsihi. Idman aliichana ile barua mara tatu kabla ya kuituma, naye hakunitaja kwako, wala hajaniambia nijitaje. Nilisema ni neno dogo, halimwumizi mtu. Ulipokuwa ukisoma barua yake ya ukweli nilikuwa nimekaa karibu yako, nikanyamaza. Ndani ya lori, kutoka Buna mpaka Garissa, ulikuwa ukinimenyea machungwa, nami nikala nikanyamaza. Nilijiambia nitasema ukishaniacha, kwa sababu hapo hutaweza kunigeuza njiani. Hata hilo nimeona si sawa, ndiyo maana naliandika pia.

Kitanda nilichopewa kiko karibu na dirisha. Nimekilalia, lakini begi langu sijalifungua. Natoa nguo ya siku na kulifunga tena. Ukisema nirudi, nitarudi na lori litakaloleta jibu lako, na sitakuwa na la kulalamika.

Binti yako,
Sabrin


Buna,
Jumapili, 11 Mei 2025

Sabrin,

Nimekasirika, na nitakaa hivyo mpaka Idd ya kuchinja. Ukija nitakueleza kwa mdomo, na utakaa chini usikilize.

Fungua begi.

Aba